Usiliuze kwa Sababu Limezeeka

Mtu wa Bagira, hapa Bukavu, akisema gari lake limemdai dola mia kadhaa garaji, jibu la kwanza analopewa na ndugu, jirani na wenzake wa kazini ni moja: liuze kabla halijakumaliza. Kauli hii husemwa kwa uhakika kiasi kwamba anayeipinga huonekana mbishi au bahili. Nyuma yake imesimama kanuni yenye sura ya hekima, kwamba matengenezo yakifikia nusu ya bei ya gari, gari hilo limekwisha na kuendelea kulitengeneza ni kutupa fedha shimoni. Napinga kauli hiyo, naipinga na kanuni inayoibeba, kwa sababu nimeona jinsi mawazo haya yanavyozivua familia akiba ambayo ingelipa karo, ingemalizia paa la nyumba au ingeongeza mtaji wa duka. Bei ambayo gari lako lingepata sokoni leo haikuambii kama linastahili kutengenezwa. Swali lenye maana ni hili: kupata gari jingine litakalokufanyia kazi ile ile, miaka ile ile, kwenye barabara zile zile, kutakugharimu kiasi gani? Mwenye kulijibu swali hilo kwa karatasi na kalamu, hapa kwetu, mara nyingi atalirudisha gari lake kuukuu kwa fundi.

Tuanze na mahali kanuni hii inakofaa, maana si huku. Magari mengi tunayoyaendesha yalianza maisha yake Japani. Huko gari dogo la binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi wa serikali uitwao shaken linapotimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo huambatana na bima ya lazima na kodi, na kila kasoro inayoonekana lazima irekebishwe kwa fundi ambaye saa yake moja ni ghali. Zaidi ya hapo, gari la petroli likipita miaka 13 tangu kusajiliwa, kodi yake ya mwaka hupandishwa. Mjapani anayeuza gari lake likiwa na umri wa miaka kumi au kumi na mbili hatendi hivyo kwa kuwa limekufa. Amepiga hesabu ya nchi yake na kuona kwamba sheria na mishahara ya huko vinamfanya alitoe. Kwake kanuni ya nusu ya bei ina mantiki: gari kuukuu halina thamani kubwa, lingine zuri linapatikana mtaa wa pili, na kazi ya mikono ndiyo inayokula fedha.

Sasa ichukue kanuni hiyo uivushe bahari hadi Kivu Kusini, uone inavyopinduka. Gari lile lile hupakiwa melini, hushushwa Dar es Salaam au Mombasa, hulipiwa bandari na uwakala, kisha huendeshwa au hubebwa zaidi ya kilomita elfu moja kuelekea maziwa makuu. Likitoka Dar es Salaam kwa njia ya Rwanda litapita Rusumo, litavuka nchi hadi Kamembe, na litaingia Bukavu kwa daraja la Ruzizi, ambako linangojwa na ushuru wa forodha, plaki, kadi ya gari, bima na makaratasi mengine. Kila kituo kimeongeza kitu kwenye bei, na hakuna hata kimoja kilichoongeza uzima wa injini. Likifika Bagira, gari hilo ni ghali kuliko lilivyokuwa kwao ingawa limezidi kuzeeka. Wakati huo huo saa ya fundi wetu ni rahisi mno ukiilinganisha na saa ya fundi wa Nagoya. Kwao gari ni rahisi na mikono ni ghali. Kwetu gari ni ghali na mikono ni rahisi. Kanuni inayofaa hali ya kwanza haiwezi kuhukumu hali ya pili, na tunaposema mtu auze kwa sababu matengenezo yamefikia nusu ya bei, tunamtaka afuate hesabu ya Mjapani kwa mfuko wa Mkongomani.

Nitoe mfano wa hesabu, na kila msomaji abadilishe tarakimu kulingana na gari lake. Tuseme gari lingeuzwa leo kwa dola 3,000, na fundi anadai dola 1,200 kurekebisha injini na miguu ya mbele. Gari jingine la okazioni, yaani lililokwisha kutumika, lenye plaki na tayari kwa barabara, ni dola 7,000. Tupime miaka mitatu. Ukibaki na gari lako, litashuka thamani kutoka 3,000 hadi 2,000, utalipa hizo 1,200, na tuweke dola 600 kila mwaka za huduma na vitu vidogo, yaani 1,800. Jumla ni 4,000. Ukinunua lile jingine, litashuka kutoka 7,000 hadi 4,500, hivyo umepoteza 2,500. Ongeza 1,000 za komisioneri (dalali), makaratasi ya mauzo mawili, matairi na marekebisho ambayo kila gari la okazioni huyadai katika mwaka wake wa kwanza. Kisha ongeza dola 400 kwa mwaka za huduma, yaani 1,200. Jumla ni 4,700. Nimelipendelea gari la pili kwa makusudi, nikalipa huduma nafuu na kudhani kwamba halikuficha ugonjwa wowote mkubwa, na bado limeshindwa kwa dola 700. Katika mfano huu matengenezo yangepaswa kufika dola 1,900 ndipo njia mbili zilingane, na hiyo ni karibu theluthi mbili ya bei ya gari kuukuu. Kanuni ya nusu ingekuwa imekwishamtoa mtu barabarani.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo ambalo ni zito kuliko zile dola 700. Aliyetengeneza alihitaji kutoa dola 1,200. Aliyebadilisha, hata baada ya kupokea 3,000 za gari lake, alihitaji kuongeza 5,000. Tofauti ya dola 3,800 imelala ndani ya bati na mpira, inapungua kila siku, wakati ingeweza kuwa mzigo wa bidhaa sokoni Kadutu au ada ya chuo kikuu. Gari hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka yake ya mwanzo na katika kila mkono mpya linaoingia. Likishakuwa kuukuu, halina tena mengi ya kupoteza. Mwenye gari kuukuu amekwisha kuulipa mteremko huo, au ameulipiwa na wengine. Kuliuza ili kununua la karibu zaidi na kiwandani ni kurudi juu ya mlima na kuanza kuteremka tena kwa gharama yako.

Watetezi wa kuuza husema kwamba bei ya soko haidanganyi: kama wanunuzi wanakupa dola 3,000 tu, basi gari ni la dola 3,000. Hoja hii ilijibiwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita na mwanauchumi wa Marekani George Akerlof. Makala yake ya mwaka 1970 ilichukua soko la magari yaliyotumika kama mfano wake mkuu, na mwaka 2001 kazi hiyo ilichangia kumpatia tuzo ya Nobel ya uchumi. Alionyesha kwamba muuzaji analijua gari lake na mnunuzi halijui. Kwa kuwa hawezi kulitofautisha zima na bovu, mnunuzi hutoa bei ya wastani inayomkinga na hasara. Mwenye gari zima anaona bei hiyo inamwonea, basi anabaki nalo. Mwenye gari bovu anaiona ni neema, analipeleka haraka. Mwishowe sokoni hubaki wingi wa mabovu, na bei hushuka zaidi. Tafsiri yake kwa Bagira ni kali. Kama umelitunza gari lako, soko litakulipa kama hukulitunza, na ukigeuka kununua, utachagua kati ya magari ambayo wenyewe wameona heri wayatoe. Umepunjwa ulipouza, umebahatisha uliponunua. Mambo haya mawili hayaonekani kwenye bei aliyoitaja komisioneri, lakini yote mawili yanatoka mfukoni mwako.

Wako wanaoamini kwamba hatari hiyo inawahusu wanaonunua kwa jirani tu, na kwamba gari lililoshuka melini ni salama kwa kuwa lilitunzwa ughaibuni. Imani hii haina msingi. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti kuhusu biashara hii duniani. Ilisema kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalisafirishwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na kwamba Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa kuliko bara lolote. Mwaka huo huo wakaguzi wa Uholanzi walitoa ripoti kuhusu magari yaliyokuwa yakipelekwa Afrika kupitia bandari zao, wakasema mengi ni makuukuu na hayana cheti halali cha ukaguzi, maana yake kwao hayakuruhusiwa tena kuingia barabarani. Kipimo cha kilomita hurudishwa nyuma kwa dakika chache na mtu mwenye kifaa kidogo. Gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko au kugongwa ubavuni hunyooshwa, hupakwa rangi, na huletwa linang'aa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na walisema pia kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Gari lako lina maradhi unayoyajua: unajua linakunywa mafuta kiasi gani, linalia wapi linapopinda, lilibadilishwa nini na lini. Ujuzi huo ni mali. Siku unapoliuza unaitoa mali hiyo bure, kwa sababu hakuna mnunuzi atakayekulipa kwa kitu ambacho hawezi kukihakikisha.

Tunaposema gari limezeeka, mara nyingi tunausingizia umri makosa ya barabara na ya uzembe. Bukavu imekaa juu ya ziwa ambalo lenyewe liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, na kutoka eneo la Brasserie kupanda Bagira gari linadaiwa nguvu ambayo hewa nyepesi ya huku imekwisha kuipunguza: kwenye mwinuko wa mita 1,500 injini isiyo na tabo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Mvua hunyesha kwa miezi mingi ya mwaka, maji hula kingo za barabara, na mashimo yaliyofukiwa kwa udongo wakati wa kiangazi hufunguka tena mvua za Septemba zinapoanza. Katika hali hiyo klachi huungua, breki huisha, na raba za miguu ya mbele hupasuka hata kwenye gari lililotoka bandarini juzi. Anayebadilisha gari kwa sababu miguu inagonga ameacha shimo pale pale na kulipelekea miguu mingine. Barabara haitauliza gari lako ni la mwaka gani.

Angalia pia ugonjwa unaoyauzisha magari mengi: injini kuchemka. Kwenye mwinuko wetu maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, chini ya zile 100 za pwani. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni mgandamizo, na mgandamizo huo unalindwa na kifuniko kidogo chenye springi na raba. Raba ikichakaa, au kifuniko kikipotea na mtu akaziba kwa kitambaa, mgandamizo unapotea na maji yanaruka njiani. Kisha anakuja fundi wa haraka, anaitoa thamosta na kuitupa akidai inazuia maji. Injini inaanza kufanya kazi ikiwa baridi mno, inakula petroli na kujisaga. Dereva naye anajaza maji ya bomba kila asubuhi, kutu inaziba mishipa ya rejeta, na baada ya miaka miwili gasketi ya kichwa cha injini inaungua. Hapo ndipo jirani anasema liuze, limezeeka. Limeumizwa kwa kukosa kifuniko, thamosta na dawa ya rejeta, vitu ambavyo vyote pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya injini. Mtu huyo akinunua gari jingine na kuendelea na desturi zile zile, atalifikisha garaji kwa njia ile ile, na kwa kasi zaidi.

Hoja nyingine ya kuuza ni kwamba gari la miaka ya karibuni ni bora kwa ufundi wake. Kwa baadhi ya mambo ni kweli, na sitaikana. Lakini ubora wa kiwandani hauna faida mahali ambapo hakuna mikono wala vifaa vya kuuhudumia. Mafundi wa Afrika Mashariki na Kongo wanayakumbuka magari ya Toyota yenye injini za D-4, zilizoanza kuuzwa mwaka 1996, ambazo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya chumba cha mwako kwa mgandamizo mkubwa. Pampu yake na sindano zake zinadai petroli safi, na petroli inayouzwa kwenye chupa na madumu kando ya barabara haina usafi huo. Magari mengi ya baadaye yana giaboksi za CVT zinazotaka mafuta yake maalumu, na mengine yana betri kubwa za haibridi na kompyuta zinazohitaji mashine ya kuzisoma. Corolla au Carina ya miaka ya tisini inafunguliwa na fundi yeyote mwenye spana, piesi zake ziko madukani, na kasoro zake zimezoeleka. Cuba ilizuiwa kuagiza magari ya Marekani baada ya mapinduzi ya 1959, na magari ya miaka ya hamsini yaliendelea kutembea Havana kwa miongo mingi kwa sababu yalikuwa rahisi kufungua na kwa sababu mafundi waliyajua. Urahisi wa kutengenezwa ni sehemu ya ubora wa gari, na kwa mahali kama Bagira ni sehemu kubwa.

Kuna pia namna fedha zinavyopatikana. Matengenezo yanaweza kugawanywa: mwezi huu breki, mwezi ujao miguu ya mbele, zamu yako ya likirimba (mchango wa kupokezana) ikifika unafungua injini. Ununuzi haugawanyiki, unadai fungu zima siku moja. Katika mji ambao hata kabla ya vita mkopo wa benki haukuwa wa mtu wa kawaida, na ambako benki zilifunga milango baada ya kundi la waasi la AFC/M23 kuuchukua mji Februari 2025, kudai mtu atoe maelfu ya dola taslimu ni kumsukuma kwenye deni la riba kali au kuuza kiwanja. Fedha hizo zikitoka, haziishi hapa. Sehemu kubwa huishia kwa muuzaji wa Dubai au Yokohama, kwa meli, bandari na forodha. Fedha ya matengenezo nayo hununua piesi kutoka nje, ndiyo, lakini sehemu ya kazi hubaki mikononi mwa kijana anayechomea, anayefunga breki na anayekwangua gasketi hapa Bagira. Kijana huyo analipa kodi ya nyumba kwa mama wa mtaa huu na kununua sombe kwenye soko letu. Anapopata kazi nzito anajifunza, na fundi aliyejifunza ni faida ya kila mwenye gari.

Kipingamizi ninachokiheshimu zaidi ni cha usalama. Wanasema gari kuukuu linaua, na breki zikikatika kwenye mteremko hakuna hesabu ya dola inayorudisha uhai. Nakubali kila neno la sentensi hiyo ya pili. Breki, usukani, matairi na taa havina mjadala: ama vinarekebishwa kwanza, kabla ya redio, rangi na hata kabla ya injini, ama gari halitoki nyumbani. Nakubali pia kwamba magari ya miaka ya karibuni yamebuniwa kumlinda abiria vizuri zaidi yanapogongana. Lakini anayenunua okazioni hanunui ubunifu peke yake. Ananunua hali ya gari hilo lilivyo. Mifuko ya hewa iliyokwisha kufyatuka kwenye ajali ya zamani na kufunikwa kwa plastiki mpya haimlindi mtu. Matairi yaliyokauka kwa miaka hupasuka hata kama michirizi yake inaonekana mipya. Usalama unatoka kwenye ukaguzi na matengenezo, na anayeyakimbia matengenezo ya gari la kwanza hana sababu ya kutuaminisha kwamba atayafanya kwa gari la pili.

Kipingamizi cha pili ni cha mafundi na piesi. Wapo mafundi wanaobahatisha, wanaobadilisha kitu kizima na kuacha kibovu, na yapo maduka yanayouza piesi bandia ndani ya maboksi ya chapa maarufu. Hili ni tatizo la kweli na linastahili hasira. Hata hivyo, kuuza gari hakuliondoi, kwa sababu gari la pili litaingia mikononi mwa mafundi wale wale na kufungwa piesi za maduka yale yale. Dawa yake ni nidhamu ya mwenye gari. Daftari la gari liandikwe tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei na jina la fundi. Kazi yoyote kubwa isikilizwe na fundi wa pili kabla ya kufunguliwa. Mwenye gari anunue piesi mwenyewe, mbele ya fundi, na adai kurudishiwa ile ya zamani. Piesi halisi iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa mara nyingi inadumu kuliko bandia mpya. Mtu mwenye daftari kama hilo hadanganyiki kwa urahisi, na siku akilazimika kuuza, daftari linampa mnunuzi ule ushahidi ambao Akerlof alisema soko linaukosa.

Wenye teksi na mabasi madogo wana kipingamizi chao, na kina uzito. Gari lao likilala garaji siku tano, familia mbili hazili: ya mwenye gari na ya shofa. Kwao siku ya kulala ni gharama, na lazima iingizwe kwenye hesabu kama vile dola za piesi. Lakini waiingize pande zote mbili. Gari jipya mkononi nalo hulala: linangoja makaratasi, linangoja piesi ambayo fundi hajawahi kuifunga, linangoja kuinuliwa miguu ili lisilambe mashimo. Siku nyingi zinazopotea hupotea kwa sababu matengenezo yanangojwa hadi gari lizime barabarani, tena msimu wa mvua, wakati kila garaji imejaa. Anayelifungua gari lake Julai, barabara zikiwa kavu, kwa siku alizozichagua mwenyewe, hupoteza siku chache kuliko anayevutwa kwa kamba mwezi wa Novemba. Na yule ambaye ameandika, ameona kwamba siku za kulala zinamla zaidi ya faida hata baada ya matengenezo ya mpango, huyo ana sababu halali ya kuuza, kwa kuwa ameipata kwenye tarakimu zake.

Maana sisemi kwamba gari lisiuzwe kamwe. Chesisi iliyoliwa na kutu au iliyopinda kwenye ajali haina tiba inayoaminika, na hapo kuendelea ni kuhatarisha watu. Gari ambalo piesi yake muhimu haipatikani tena Bukavu, Kigali wala Bujumbura limefika mwisho wake. Kasoro ile ile ikirudi mara kwa mara baada ya mafundi wawili hodari kushindwa, ni haki kuachana nalo, kwa kumweleza mnunuzi ukweli. Kazi ikibadilika, familia ikiongezeka, gari dogo halitoshi tena, hilo nalo ni jambo jingine. Vivyo hivyo, hoja yangu haimtetei anayesema hawezi kuuza kwa sababu amekwisha kutia dola nyingi. Fedha iliyotumika imekwenda, na haina sauti katika uamuzi wa leo. Mwenye kung'ang'ania gari kwa ajili ya fedha za jana na mwenye kuliuza kwa ajili ya umri wake wamefanya kosa la namna moja: wote wawili wanatazama nyuma, kwenye risiti au kwenye mwaka wa kiwanda, na kuliacha swali la miaka inayokuja.

Hata serikali za kanda yetu zimeutumia umri kama kipimo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na Uganda tangu 2018 imezuia kuingiza yaliyopita miaka 15. Sheria hizo zina lengo lake mpakani, ambako afisa hana njia rahisi ya kulijua kila gari. Mwenye gari hayuko mpakani. Analo nyumbani, amelipanda miaka, ana fundi anayelijua. Kwa nini alipime gari lake kwa kipimo cha mtu asiyelijua? Basi kabla ya kumwita komisioneri, andika mambo matatu: matengenezo yote yanayohitajika na bei yake kutoka kwa mafundi wawili, gharama nzima ya gari jingine hadi limalize mwaka wake wa kwanza mikononi mwako, pamoja na yatakayojitokeza, na kazi ambayo tofauti ya fedha hizo ingeifanya nyumbani kwako. Linganisha kwa miaka mitatu. Kama tarakimu zinasema uza, uza bila kusitasita. Kama zinasema tengeneza, tengeneza bila aibu, hata kama mtaa mzima utasema umechelewa. Katika hali ya Bagira ya leo, naamini wengi wetu watakuta zinasema tengeneza, na fedha watakayobaki nayo itakuwa na kazi yenye faida kuliko kubadilisha mwaka wa kiwanda ulioandikwa kwenye kadi ya gari.